Tairi la Kiya

Kustaafu ni neno la wazee, na mimi nina miaka thelathini na moja. Lakini gereji ya mabasi inahamia Mwanza na mama yangu hahami Bariadi, kwa hiyo nimestaafu. Nimekaa na daftari la gereji miaka kumi na miwili. Sasa mnalichukua nyie wawili, Neema na Petro, na Mzee Athumani ameniambia niwaandikie ninayoyajua kabla sijayasahau. Kurasa hizi zimenichukua wiki tatu. Mnanijua, naandika polepole.

Sitaandika nani alipewa cheo na nani alinyimwa. Hayo mtayasikia hata kabla hamjauliza. Nitaanza na siku ya kwanza, kisha nitafika kwenye siku ambayo nilikaribia kuua basi zima la watu kwa neno moja, tena neno lenye mwandiko mzuri.

Nilifika gereji nikiwa na cheti cha darasa la saba na kandambili mpya. Kazi niliyoitiwa ilikuwa kutunza stoo ya spana. Mzee Athumani, fundi mkuu, alinipeleka mbele ya ubao mkubwa ukutani. Kila spana ilikuwa imechorwa umbo lake kwa rangi nyeupe, na spana yenyewe inaning'inia juu ya umbo hilo.

"Ukiona mchoro hauna spana," aliniambia, "basi haliondoki mpaka spana ipatikane. Hata abiria wakilia."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Unaweza kusema ndiyo. Hapa hatutozi."

Mzee Athumani ni mtu wa Ujiji. Kabla ya kuja Bariadi alifanya kazi miaka mingi kwenye karakana ya ndege za abiria, na kila alichotufundisha kilianza na maneno "kule kwenye ndege". Kule kwenye ndege fundi hasemi "nadhani". Kule kwenye ndege kitambaa cha kufutia mikono kinahesabiwa. Mafundi walimwigiza akigeuka mgongo. Aliyemwigiza vizuri kuliko wote ni Fundi Maduhu, Msukuma mwenzangu wa upande wa Dutwa.

"Mzee," Maduhu alimwambia siku moja, "hili ni basi. Haliruki."

"Likiruka ndipo mtakaponikumbuka," akajibu mzee, akaendelea kufunga boliti.

Daftari lilinifikia mwaka wa pili. Aliyelishika kabla yangu alikuwa na kidato cha nne na mwandiko ambao hata yeye mwenyewe aliusoma kwa kubahatisha. Siku moja Mzee Athumani aliingia stoo akaona maandishi niliyobandika kwenye makopo ya boliti.

"Nani kaandika hizi?"

Mimi nilikuwa pale pale, sikujibu.

"Huyu huyu asiyesema," Maduhu akamwambia kutoka mlangoni.

"Basi ataandika."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ambayo nyie sasa mnaipata. Sikuomba, na sikujua nimepewa nini.

Naeleza daftari lenyewe, maana msipolielewa hamtaelewa yaliyonipata. Gari likiharibika na spea haipo, una njia mbili. Unalilaza gari mpaka spea ije, au unaahirisha tatizo na gari linaondoka. Mzee Athumani alituambia kwamba hata ndege kubwa ya abiria huruka ikiwa na matatizo yaliyoahirishwa. Si kila tatizo linaruhusiwa, na linaloruhusiwa lina masharti. Kwanza, kile kibovu lazima kifungwe ili kisidhuru kingine. Pili, rubani lazima aone alama mbele ya macho yake kwamba kitu fulani hakifanyi kazi. Tatu, kuna siku ya mwisho, ikifika ndege hairuki. Na yote yanaandikwa: tatizo, upande, limefungwaje, hadi lini, sahihi.

Alituletea mpango huo huo kwenye mabasi. Alama yetu ilikuwa kadi nyekundu, inafungwa kwa uzi kando ya usukani. Jina la mpango alitaka liwe la heshima, lakini wiki ya kwanza tu Maduhu akalibatiza "viporo", na viporo ikabaki. Chakula cha jana unachokula leo kwa sababu kipya hakijaiva.

Viporo vingi vilikuwa vidogo. Taa ya ndani, kiti kisicholala, kioo cha pembeni. Kilichotusumbua ni ile siku ya mwisho. Ikifika, mtu anasema "ongeza wiki", nami naongeza. Wipa ya basi moja iliahirishwa wakati wa kuvuna pamba, ikaongezwa wiki baada ya wiki kwa sababu nani anahitaji wipa kiangazi. Mvua ya kwanza ilimkuta Dereva Masanja maeneo ya Nassa. Aliendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha kama mbuzi aliyefungwa kwenye buti, akafika gereji ameloa mpaka soksi. Alikuja dirishani kwangu, akakamua kofia yake juu ya daftari, akaondoka. Ukurasa huo mtauona, wino umesambaa. Tulicheka sana. Tulipaswa kucheka kidogo tu.

Mara moja nilimuuliza Mzee Athumani kama kiporo kimewahi kuangusha ndege. Nilijiandaa siku mbili kuuliza swali hilo. Akasema hakuona ndege ikianguka, ila aliona kosa. Ndege ina injini mbili, na kila injini ina kifaa kinachosaidia kupunguza mwendo ikishatua. Kifaa cha injini moja kiliharibika, wakaamua kukiahirisha, maana yake wakifunge kabisa. Waliotumwa walikuwa mafundi wawili, wote wazoefu. Wakafunga cha ile injini nyingine, kilichokuwa kizima. Kile kibovu kikabaki wazi.

"Rubani alijuaje?" nikamuuliza.

"Alijua ilipotua. Ilitaka kutoka kwenye njia."

"Na wale mafundi?"

"Walikuwa na haraka, na kila mmoja alidhani mwenzake ameangalia." Akanitazama. "Unaona ubaya wa kosa la namna hiyo? Ungekuwa na kibovu kimoja. Sasa una viwili, na karatasi inasema kila kitu kiko salama."

Nililielewa. Nilikuwa na uhakika kabisa kwamba nimelielewa.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa msimu wa pamba, watu wanasafiri, na mabasi yetu mawili yalikuwa yanaumwa. Moja lilikwama Mwamapalala tangu asubuhi. La pili, lile la kijani, liliingia kutoka Mwanza saa saba mchana na lilitakiwa kurudi huko huko saa tisa na nusu. Dereva aliyelileta alikuwa amemaliza zamu. Akasema tu kwamba nyuma kuna harufu, akaenda kula. Dereva wa kulirudisha alikuwa Masanja.

Basi lilisimama uani, pua ikielekea stoo yangu. Maduhu akapita nyuma yake akisogeza kiganja karibu na kila tairi bila kugusa, kama mtu anayepima sufuria. Kisha akaja dirishani kwangu na begi la spana begani.

"Mwadila, mwalimu," akanisalimia kwa Kisukuma, kwa jina aliloniita tangu nishike daftari.

"Mwadila."

"Tairi la nyuma la kiya, breki inashika haiachii. Kifaa chake hatuna, kiko Mwanza. Mwambie mzee alifunge upepo, liende hivyo hivyo hadi Mwanza likatengenezwe. Mimi naenda Mwamapalala."

"Sawa."

"Andika sasa hivi, usije ukasahau."

"Naandika."

Neema, wewe si Msukuma, kwa hiyo nikueleze. Nyumbani kwetu hatutumii sana kulia na kushoto. Kiya ni mashariki, ng'weli ni magharibi, sukuma ni kaskazini na dakama ni kusini. Mtoto akitumwa kikombe anaambiwa kiko upande wa kiya wa meza, na anakileta. Mimi na Maduhu tulizungumza hivyo kila siku. Mzee Athumani hakuwahi kuyashika maneno hayo, kwa hiyo daftarini mimi ndiye niliyetafsiri. Nilisikia kiya, nikaangalia gari, nikaandika kulia au kushoto. Nilifanya hivyo miaka na sikuwahi kukosea, na kwa sababu hiyo sikuwahi kumwambia mtu kwamba ndivyo ninavyofanya.

Siku ile sikuandika pale pale. Nilikuwa katikati ya orodha ya spea za basi la Mwamapalala, na mimi nikianza mstari huwa naumaliza. Simu ya stoo ilikuwa inaita, tajiri anataka kujua basi linatoka lini. Alipiga mara tatu. Kauli ya Maduhu niliiweka kichwani, tairi la nyuma la kiya, tairi la nyuma la kiya. Nilikitunza kiporo changu mwenyewe.

Nilipomaliza orodha nikainua macho. Basi lilikuwa kwenye bomba la maji, vijana wanalisugua. Nikaangalia kiya iko wapi, nikaangalia basi, nikaandika: *Breki ya nyuma kushoto inashika. Ifungwe upepo. Hadi Mwanza leo.* Mwandiko ulikuwa safi. Nilipiga hata mstari kwa rula.

Mzee Athumani alikuja akalisoma. Hakukipenda kiporo hicho. Breki si taa ya ndani. Lakini breki za magurudumu mengine zilikuwa nzima, safari ilikuwa moja, na kifaa kilikuwa kinasubiri mwisho wa safari hiyo.

"Umeliona tairi lenyewe?" akaniuliza.

"Maduhu ameliona."

"Haya."

Akatia sahihi, akalala chini ya basi, upande wa kushoto nyuma, akafunga bomba la upepo unaosukuma breki. Magurudumu yote yalikuwa yamemwagiwa maji, ya baridi yote. Akafunga kadi nyekundu kando ya usukani, akamwambia Masanja aende taratibu. Masanja akaisoma kadi kwa sauti, akasema angalau safari hii si wipa. Saa tisa basi likatoka kwenda stendi, na saa tisa na nusu likaondoka mjini na abiria hamsini na wanne. Idadi naijua kwa sababu orodha ya abiria inabaki kwangu.

Saa kumi kasoro robo Maduhu akapiga simu kutoka Mwamapalala. Alitaka kipimo cha boliti. Nikampa.

"Na lile la kijani limeondoka?" akauliza.

"Limeondoka."

"Masanja asilikimbize. Upande wake ule ulikuwa unanuka kama nyama choma."

"Upande wake?"

"Upande wa kiya. Si nilikwambia?"

"Masanja anakaa kulia."

"Ndiyo. Kwani leo amehamia wapi?"

Nikaangalia uani. Pale penye bomba palikuwa na tope, na alama za matairi zilipinda nusu duara kutoka mbele ya stoo yangu mpaka pale. Masanja alikuwa ameligeuza basi ili lioshwe. Maduhu aliliona pua ikielekea sukuma. Mimi niliandika pua ikielekea dakama.

"Maduhu," nikasema, "nimeandika kushoto."

"Kwa nini uandike kushoto? Kiya ni moja tu, Minza. Haihami."

"Basi ndilo lililohama."

Maduhu ni mtu wa mzaha. Safari hii akasema, bila mzaha wowote, "Mtafute Masanja."

Nikakata. Nawaomba mwelewe hali ilivyokuwa. Tairi la kulia nyuma lilikuwa linajichoma, na hakuna aliyelifunga. Tairi la kushoto lililokuwa zima halikuwa na breki kabisa. Kila Masanja akikanyaga, la kulia lingeshika na la kushoto lingezunguka tu, na basi lingevutwa kulia, kwenye magari yanayokuja. Asipokanyaga, lile la kulia lingeendelea kuchemka mpaka lipasuke au liwake. Na mbele yake kulikuwa na kadi nyekundu niliyoiandika mimi, inayomwambia kila kitu kiko salama.

Nikapiga simu ya Masanja. Imezimwa. Dereva akiwa njiani simu inazimwa, ni sheria tuliyoitunga wenyewe, na dakika ile niliichukia. Nikapiga ya Shija, konda wake. Inatumika. Nikapiga tena, inatumika. Shija anapenda kuongea.

Nikakimbilia msikitini, nyuma ya gereji, maana Mzee Athumani alikuwa ameenda kuswali alasiri. Viatu vilikuwa vimepangwa mlangoni na imamu alikuwa ameshaanza. Nikasimama pale. Sikuweza kuingia wala kuita. Nilihesabu kichwani: kutoka stendi hadi Dutwa ni kama nusu saa. Kufika hapo palikuwa pamebaki dakika kumi, labda kumi na mbili. Nikiwa bado nimesimama kwenye viatu vya watu, nikampigia mama mdogo Kabula, mdogo wake mama, ambaye anauza viazi vitamu Dutwa kando ya barabara.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mayu," akaitikia, akiniita mama kwa Kisukuma. "Mbona unahema?"

"Basi letu la kijani limepita hapo?"

"Bado. Limebeba mzigo wangu?"

"Mama mdogo, lisimamishe."

"Nani? Mimi?"

"Breki mbovu. Masanja hajui. Wamo watu hamsini na wanne."

Nikasikia beseni likiwekwa chini. "Nakaa katikati ya barabara," akasema. "Atanikanyaga basi."

"Hapana. Usikae barabarani." Sijui nilipata wapi sauti ile. Mzee mmoja aliyekuwa anatawadha aligeuka kuniangalia. "Usimshtue. Akikanyaga kwa nguvu basi litakata kona. Nenda kwenye tuta la kwanza, la kuingilia kutoka Bariadi. Pale anapunguza mwenyewe, anatembea kama ng'ombe. Umwambie asitumie breki, arudishe gia mpaka lisimame."

"Nisimame upande gani?"

Nilitaka kusema kulia. Lakini yeye angekuwa analitazama basi usoni, kulia kwake si kulia kwa basi. Nikataka kusema kiya. Barabara pale inapinda.

"Upande wa dereva," nikasema. "Siyo wa mlango. Wa dereva."

"Wa dereva," akarudia, na nikasikia anakimbia. Mama mdogo ni mtu mzima, ana goti bovu. Simu hakuikata, aliitia kifuani. Nilisikia pumzi yake na nguo inasugua. Nilisikia pikipiki. Nilisikia mtu anamuuliza Mama Kabula unakimbilia wapi, naye anamjibu kwa Kisukuma maneno ambayo sitayaandika kwenye daftari la gereji. Halafu mngurumo wa basi, mbali, kisha karibu. Kisha sauti yake: "Masanja! Wee Masanja! Breki, usikanyage breki!"

Mngurumo ukapanda, ule wa gia ikirudishwa. Ukafuata mlio mrefu wa tairi na honi nyingi kwa pamoja. Kisha simu ikawa upepo mtupu.

Niliisikiliza kwa muda ambao sijui kuupima. Msikitini walikuwa wamesujudu.

"Limesimama," mama mdogo akasema.

Nikabana simu sikioni.

"Minza? Limesimama. Limeingia upande wa wenzao, lakini limesimama. Bodaboda wamekimbilia mtaroni. Linatoka moshi."

"Wapi?"

"Huku huku nilikosimama. Nyuma."

"Mpe simu Shija."

Shija akaja akiwa analalamika tayari. "Dada Minza, abiria wanauliza kuna nini."

"Washushe wote, wakae mbali na basi. Na mtu asimwage maji kwenye lile gurudumu, chuma kikiwa cha moto kinapasuka."

"Hapa kuna mama amekaa, anasema hashuki mpaka aelezwe."

"Mweleze."

"Nimweleze nini?"

"Kwamba tairi linataka kuwaka."

Nikasikia akilisema. "Ameshuka," akaniambia.

Mzee Athumani alitoka msikitini wa kwanza, labda alisikia sauti yangu, ile ambayo hakuwahi kuisikia. Alikuwa bado ana viatu mkononi. Katika muda wote wa kusubiri nilikuwa nimepata nafasi ya kupanga maneno, na naweza kuwaambia kwamba njia ya kuponyoka ilikuwepo. Sahihi ya mwisho daftarini ilikuwa yake. Aliyefunga bomba ni yeye. Aliyesema kiya ni Maduhu. Mimi nilikuwa mwandishi tu.

"Nimekosea upande," nikamwambia.

Alivaa kiatu kimoja. "Liko wapi?"

"Dutwa. Limesimama. Hakuna aliyeumia."

Akavaa cha pili. "Chukua daftari," akasema.

Tulikwenda kwa bodaboda mbili. Basi tulilikuta limekaa mshazari juu ya mstari wa katikati, abiria wamejazana chini ya vibaraza vya maduka. Moshi ulikuwa umepungua, lakini harufu ya mpira ulioungua ilikuwa kila mahali. Mzee Athumani alisogeza nyuma ya kiganja chake kwenye tairi la kulia, akakiondoa haraka. Kisha akazunguka kwenda la kushoto, akaliwekea kiganja kizima. La baridi. Akakaa hivyo, mkono juu ya tairi, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Masanja alikuwa amekaa kwenye jiwe, kofia magotini, kadi nyekundu mkononi.

"Nani kaandika kushoto?" akauliza. Hakupaza sauti. Watu waliokuwa karibu wakasogea ili wasikie.

"Mimi."

"Nani?"

"Mimi, kaka Masanja. Basi lilikuwa limegeuzwa. Sikutoka kwenda kuangalia."

"Na aliyelala chini yake," Mzee Athumani akasema kutoka nyuma yangu, "akafunga bomba bila kugusa tairi la pili, ni mimi. Kwa hiyo ukitaka kutupiga, tuko wawili."

Masanja akatutazama. "Nimechoka," akasema. "Nitawapiga kesho." Kisha akainuka, akaenda kumsaidia mama mdogo kuokota viazi vyake, maana alipoacha beseni mbuzi walilifikia kabla yake.

Tuliwapeleka abiria kwenye basi la kampuni nyingine lililopita saa kumi na moja. Yule mama aliyekataa kushuka alinipita akaniambia niongeze bidii. Nilimwambia asante.

Tangu siku ile sijaandika kiporo nikiwa nimekaa, na nyie msiandike. Toka stoo, nenda hadi kwenye kitu chenyewe, ukiguse, na aliyekiona akiguse ukimwona. Kama hayupo, mpigie simu, hata kama tajiri amepiga mara tatu. Maduhu alibisha siku mbili kwamba hakukosea. Ni kweli, kiya haikuhama. Siku ya tatu alikuja dirishani, akanivuta kwa mkono mpaka kwenye gari aliloliona lina tatizo, akaligonga kwa spana, akaniambia, "Hili hapa, mwalimu." Amefanya hivyo mpaka leo. Msimzuie hata kama mna kazi nyingine.

Lakini nirudi Dutwa, kwa sababu kuna ukurasa mtaukuta na hamtauelewa bila maelezo. Basi la abiria lilipoondoka, Mzee Athumani aliketi kwenye ngazi ya lile la kijani, akaniomba daftari na kalamu. Nilidhani anataka kufuta nilichoandika. Hakukigusa. Akafungua mstari mpya, akaandika mwenyewe, na mwandiko wake ni mbaya sana, kwa hiyo nawasomea.

Kwenye tatizo aliandika: *Mwandishi hakuuliza. Fundi hakugusa.* Kwenye "hadi lini" alichora mstari mnene, akaukazia mara mbili, maana hicho hakiahirishwi. Kwenye "upande" alisita.

"Yule mama yako ulimwambia asimame wapi?" akaniuliza.

"Upande wa dereva. Siyo wa mlango."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa spana aliyoitafuta miaka. Kisha, kwa kuwa kosa letu lilikuwa la pande mbili, akaandika: *Wa dereva, na wa mlango pia.* Akatia sahihi, akanipa kalamu, akasogea kidogo kwenye ngazi ili nipate nafasi ya kukaa na kutia yangu.